Kilo, Lita na Ndoo: Miaka Yangu ya Kusanifisha Kompyuta za Kampuni Moja Tabora

Mwezi Machi mwaka 2013, mvua zikiwa zimekolea, nilisafiri kutoka Tabora mjini kwenda Kaliua nikiwa na chaja ya kompyuta mpakato niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuificha chini ya koti ili isilowe. Kampuni iliyoniajiri, ambayo hununua asali na nta kutoka kwa wafugaji wa nyuki na kuwakopesha vifaa vya ufugaji, ilikuwa na makao makuu mjini na matawi matano: Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega na Igunga. Wakati huo kipande cha barabara kutoka Urambo kuelekea Kaliua kilikuwa bado cha udongo, na basi letu lilikwama mara mbili, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena tukiwa na tope hadi magotini. Nilipofika ofisini jioni na kuichomeka ile chaja, haikuingia. Volti zilikuwa zile zile 19 zilizoandikwa chini ya mashine, ila ncha ya waya ilikuwa nene kuliko tundu. Msimamizi wa tawi, mtu mzima kuliko mimi, aliitazama chaja, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "Kijana wangu, umetuletea ufunguo wa nyumba nyingine."

Nililala Kaliua usiku ule nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo nilistahili kuielekeza kwangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mtu wa TEHAMA wa kampuni kwa muda wa mwaka mzima na sikuwa na orodha ya kuniambia tawi gani lina mashine ya aina gani. Niliporudi mjini nilianza kuitengeneza orodha hiyo, tawi baada ya tawi, nikiinama chini ya meza na kusoma maandishi madogo yaliyofifia kwa vumbi. Kazi ilichukua wiki tano. Nilikuta kompyuta 43 za aina 17, printa 11 za aina 9, na matoleo matatu ya Windows, yaani XP, Vista na 7, yakiishi pamoja kama wapangaji wasiosalimiana. Kompyuta tatu katika matawi tofauti zilikuwa na jina moja mtandaoni, "Admin". Barua iliyochapwa Tabora kwa programu mpya ya ofisi haikufunguka Sikonge, kwa sababu kuanzia toleo la mwaka 2007 Microsoft ilibadili muundo wa mafaili, na Sikonge walikuwa bado na toleo la 2003. Karani wa pale alikuwa amezoea kupiga simu na kuomba asomewe barua.

Hakuna mtu aliyekusudia hali hiyo, na jambo hili nalisisitiza kwa sababu baadaye nilisikia watu wakiwalaumu wasimamizi wa matawi kana kwamba walifanya uzembe. Kila mmoja alinunua kilichopatikana siku alipokuwa na fedha: huyu alipita Kariakoo akakuta mashine za mtumba kwa bei nzuri, yule alipokea kompyuta mbili kutoka mradi uliofungwa, mwingine alinunua printa kwa sababu ilikuwa inauzwa pamoja na karatasi. Kila ununuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa wa busara. Hasara ilikaa katikati ya matawi, mahali ambapo hakuna msimamizi aliyekuwa na jukumu la kutazama. Ndani ya kabati la Sikonge nilikuta tona tatu mpya za printa iliyokwisha kufa, wakati Nzega walikuwa wamekaa siku tisa bila kuchapa stakabadhi kwa kukosa tona ya printa yao, ambayo ilikuwa inatoka kiwanda kile kile lakini ya namba nyingine.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba chaja na tona ndizo zilizonifanya niamini thamani ya viwango. Kilichonifanya niamini ni mtunza ghala mmoja wa Kaliua, ambaye alisimamishwa kazi wiki mbili kwa wizi ambao haukutokea.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba karibu kilo 28. Kila mtu anayeshughulika na asali Tabora analijua hilo mikononi mwake, hata kama hajawahi kuliandika. Tatizo ni kwamba kila tawi lilikuwa na jedwali lake la Excel, lililotengenezwa na mhasibu wake, na katika safu iliyoitwa "kiasi" Sikonge waliandika lita, Urambo na Kaliua waliandika kilo, na Nzega waliandika idadi ya ndoo. Makao makuu kulikuwa na kijana aliyekuwa akiyaunganisha majedwali hayo kila mwisho wa mwezi. Alikuwa ametoka Sikonge, na akili yake ilikuwa imezoea lita. Kaliua walipoandika 1,400, yeye alizisoma kuwa ni lita, akazidisha ili apate uzito, akapata kilo 1,960. Mzigo ulipofika na kupimwa, mizani ilisema kilo 1,400. Kilo 560 za asali zilikuwa "zimepotea" njiani kati ya Kaliua na Tabora, na aliyekuwa na funguo za ghala alikuwa mtu mmoja tu.

Mimi ndiye niliyeombwa kuchunguza kama kuna mtu aliyebadilisha takwimu kwenye kompyuta. Nilitafuta alama za udanganyifu kwa siku nne, nikijiona mpelelezi, na siku ya tano nikampigia simu mhasibu wa Kaliua kumwuliza jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Hizi 1,400 ni nini?" Akacheka, akadhani namtania. "Ni kilo, kaka. Sisi tuna mizani, kwa nini tuandike lita?" Mtunza ghala alirudishwa kazini na kulipwa siku zake, lakini alipoingia getini asubuhi ile hakumsalimia mtu yeyote, nasi tulikuwa hatuna la kumwambia. Tangu siku hiyo, ninapomsikia mtu akisema kwamba usanifishaji ni suala la wanunuzi wa vifaa kutaka punguzo la bei, namkumbuka mtu yule akipita kimya kuelekea ghalani. Punguzo la bei lipo, na ni zuri. Lakini kiwango cha kwanza tulichokihitaji hakikugharimu hata shilingi, kwani kilikuwa ni neno moja tu lililopaswa kuandikwa kwenye kichwa cha safu.

Baada ya hapo niliyapitia majedwali yote kwa jicho jingine, na nikakuta tarehe zikiwa na ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Baadhi ya kompyuta za mtumba zilikuwa bado na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mhasibu wa Igunga alipoandika 5/4 akimaanisha tarehe 5 Aprili, mashine yake iliihifadhi kama tarehe 4 Mei bila kumwambia. Alipoandika 25/4, mashine haikuona mwezi wa ishirini na tano popote, ikaacha maandishi hayo kama neno la kawaida, na jedwali lilipopangwa kwa tarehe, stakabadhi hizo zikatupwa mwishoni pamoja na makapi. Kwa hiyo ununuzi wa mwezi mmoja ulikuwa umegawanyika mara tatu: siku ambazo namba ya siku na ya mwezi ni moja zilibaki salama, siku za mwanzo wa mwezi zilisambaa katika miezi mingine, na zile za baada ya tarehe 12 hazikuwa tarehe tena. Dawa yake ilikwisha kuandikwa zamani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, kinaanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, na faida yake ni kwamba hata mashine isiyojua kwamba hiyo ni tarehe itaipanga sawasawa. Watu walinilalamikia kwamba huo ni uandishi wa kigeni, mpaka nilipowaambia watoe vitambulisho vyao vya taifa na kusoma tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA: mwaka wa kuzaliwa, mwezi, siku. Walikuwa wanatembea nacho mfukoni.

Mkurugenzi wetu alikuwa mzee aliyeanza biashara kwa baiskeli, akinunua asali katika vijiji vya Sikonge na kuifunga nyuma kwa mipira ya matairi. Nilimpelekea andiko la kurasa kumi na mbili lenye bei, michoro na jedwali la akiba tutakayopata. Tulisalimiana mwangaluka, akanikaribisha kiti, akalipokea andiko, akafungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akaliweka chini ya kikombe cha chai. "Hizo kompyuta zote si zinawaka?" akauliza. "Kompyuta si kompyuta tu? Mimi nikiwa na baiskeli ya Phoenix na wewe una ya Avon, wote tunafika sokoni." Nilianza kueleza habari za draiva, yaani programu ndogo zinazowezesha kompyuta kuendesha vifaa vyake, na za leseni za programu, nikaona macho yake yakielekea dirishani.

Dirisha lile lilitazama uwanja wa nyuma, ambako mafundi seremala walikuwa wakitengeneza mizinga ya kukopesha wafugaji. Ilikuwa mizinga ya mbao, yenye pau nyembamba zilizopangwa juu bega kwa bega, na nyuki hujenga kila sega likining'inia kwenye pau yake. Kwa nyuki wetu wa Afrika pau hizo hukatwa kwa upana wa milimita 32, kwa sababu ndio umbali ambao nyuki wenyewe huuacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata. Mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa na mafundi wawili. Mmoja alikata kwa kipimo. Mwingine, mwenye mikono mizuri sana na kiburi kinacholingana na mikono hiyo, alikata kwa jicho, na pau zake zilikuwa pana kidogo. Nyuki waliingia katika mizinga yote na asali ilipatikana kotekote. Lakini katika mizinga ya yule fundi wa pili nyuki walijenga masega yakivuka kutoka pau moja hadi nyingine, na mfugaji alipoinua pau moja alichana masega ya jirani, asali ikamwagika, nyuki wakamshambulia. Zaidi ya hayo, pau ya mzinga mmoja haikuweza kuhamishiwa mzinga mwingine, wakati uhamishaji huo ndio kazi yenyewe ya mzinga wa aina ile. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameagiza mizinga 60 ibomolewe. Ofisi nzima ilimsikia akifoka siku ile.

Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini ulibomoa mizinga ambayo nyuki walikubali kuingia?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo unataka kuniambia kwamba kompyuta zangu zimejengewa masega ya kuvuka." Akalitoa andiko chini ya kikombe. Alama ya duara ya chai imo mpaka leo kwenye nakala yangu. Nimesoma baadaye kwamba Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, alipata hataza mwaka 1852 kwa mzinga wenye viunzi vinavyotoka, baada ya kutambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya milimita 6 hadi 9 bila kuijaza nta wala gundi. Kinachonivutia katika habari hiyo ni kwamba hakuibuni nafasi ile. Aliikuta kwa nyuki, akaitii. Viwango vyangu vilivyodumu ni vile nilivyovikuta tayari katika kazi ya watu, na vilivyoanguka karibu vyote ni vile nilivyovitoa kichwani.

Mkurugenzi alitoa sharti moja: kurasa kumi na mbili ziwe ukurasa mmoja, unaoweza kubandikwa ukutani. Nililichukia sharti hilo kwa siku mbili, kisha nikalishukuru. Katika ukurasa ule tuliandika aina moja ya kompyuta ya mezani, aina moja ya kompyuta mpakato na aina moja ya printa. Tukaandika kwamba kiasi cha asali ni kilo kila mahali na mizani ndiyo shahidi. Tukaandika tarehe itakavyoandikwa. Tukaandika kwamba jina la kila mashine litaanza na herufi tatu za tawi likifuatiwa na namba. Na tukaandika mpangilio wa rangi za nyaya za mtandao. Ununuzi haukufanyika kwa mkupuo, kwani fedha hazikuwepo. Kila mashine iliyokufa ilirithiwa na ya aina iliyokubaliwa, na zilizobaki za aina moja zilikusanywa katika tawi moja ili angalau zifanane zenyewe kwa zenyewe. Ilituchukua karibu miaka mitatu.

Habari ya rangi za nyaya inastahili maneno yake, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba kitu kinaweza kufanya kazi na bado kikawa kibovu. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne, na msokoto huo ndio unaoulinda mwendo wa data dhidi ya makelele ya umeme. Fundi aliyeweka mtandao wa Urambo alikuwa amezipanga nyaya kichwani mwake: jozi ya kwanza tundu la 1 na la 2, jozi ya pili la 3 na la 4, na kuendelea hivyo hadi la 8, sawasawa pande zote mbili. Kwa macho ni mpangilio safi, na kifaa cha kupimia cha bei rahisi huwasha taa zote nane. Lakini kompyuta hutumia tundu la 3 na la 6 kama jozi moja, kwa hiyo ishara zilikuwa zikipita katika nyaya mbili zisizosokotwa pamoja. Kwenye kebo fupi hakuna anayegundua. Kwenye kebo ndefu ya kwenda ghalani mtandao ulikuwa unakatika kila friji ya jirani ilipowaka, na watu wa Urambo walikwisha kuamini kwamba ghala lile lina jambo. Tulikata vichwa vyote na kuvipanga upya kwa utaratibu wa T568B, yaani nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ghala likapona. Uzuri wa mpangilio huo hautokani na ubora wa rangi zake, kwa kuwa upo mwingine wa T568A unaofanya kazi vilevile; umuhimu ni kwamba fundi atakayefungua kebo hiyo akiwa Igunga baada ya miaka kumi hatahitaji kumtafuta aliyeifunga.

Faida za kawaida zilikuja kama nilivyoahidi, nami sitazirefusha. Kabati moja la vipuri Tabora lilitosha matawi yote, jambo lisilo dogo kwa mji ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Karani aliyehamishwa kutoka Nzega kwenda Kaliua alianza kazi siku ile ile. Nilitengeneza nakala mama ya mfumo mzima, yenye programu zote na mipangilio yote, na mashine iliyoharibika ilirudishwa katika hali yake kwa muda wa chini ya saa moja, wakati zamani nilikuwa napiga Windows kuanzia asubuhi hadi jua linazama nikitafuta draiva moja moja kwa intaneti ya kusuasua.

Jambo ambalo sikuwa nimeahidi lilikuja mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoshughulika na kushirikiana mafaili. Kwa kuwa mashine zetu zote zilikuwa zimefikia Windows 7 ya aina moja, nililipakua mara moja tu Tabora, nikalijaribu, nikalinakili kwenye flashi tano na kuwapa makondakta wa mabasi pamoja na barua ya mistari sita. Sikulifikiria tena. Ijumaa ya tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vilipita katika tundu lile lile na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza. Jumatatu Mkurugenzi aliniita akiwa amesikia habari redioni, akauliza kama sisi tumo. Nilimwonyesha karatasi za makondakta zenye saini za matawi. Kama tungekuwa bado na aina tatu za Windows, ningehitaji mafaili ya aina tatu na safari za kwenda kuhakiki, na ile XP ilikwisha kuachwa bila matunzo tangu tarehe 8 Aprili 2014. Najijua vya kutosha kuamini kwamba kazi hiyo ningeiahirisha.

Lakini ulinganifu una ubaya wake, na mimi niliuonja kabla ya kuonja utamu huo. Mwaka 2015, siku tatu kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, niliingiza draiva mpya ya printa katika nakala mama na kuisambaza kwa matawi yote bila kuijaribu kwa kazi halisi. Ilichapa barua vizuri. Stakabadhi, ambazo zilikuwa na vipimo vyake vya karatasi, ilizikata katikati. Asubuhi ya ufunguzi wafugaji walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao katika matawi matano, na matawi yote matano yaliacha kuchapa kwa saa ile ile. Enzi za aina 9 za printa, kosa kama lile lingeangusha tawi moja, wengine wangelicheka tu. Tuliandika stakabadhi kwa mkono siku mbili. Kuanzia hapo tuliongeza mstari kwenye ukurasa wetu: kila kitu kipya kitakwenda Sikonge kwanza, kikae wiki nzima, ndipo kisambae. Watu wa Sikonge walidai kwamba wamefanywa panya wa maabara, na hawakukosea. Tuliwalipa kwa kuwapa mashine mpya kabla ya wengine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani na ndege zikabaki viwanjani, msimamizi wa Sikonge alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Hawakuwa na Sikonge."

Kosa langu la pili halikuonekana mapema, na ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Nzega kulikuwa na mhasibu, mama wa makamo, ambaye jedwali lake lilikuwa na safu nyingi kuliko la mtu yeyote: kijiji ilikotoka asali, rangi yake, mti uliokuwa ukichanua, kama ni mtundu au myombo au mninga, na hata jina la mzee aliyepakua. Mimi nilitengeneza misimbo mitatu kwa kampuni nzima: asali ghafi, asali iliyochujwa, na nta. Nilimwambia kwamba safu zake za ziada zinaharibu uunganishaji wa takwimu. Hakubishana. Alisema, "Sawa, mwanangu," akaanza kujaza kama wengine.

Mwaka 2019 mnunuzi mmoja mkubwa alitaka kujua kila pipa limetoka kijiji gani kabla ya kusaini mkataba. Mfumo wetu mzuri, uliolingana kila mahali, ulikuwa hauwezi kujibu swali hilo kwa pipa hata moja. Nilikwenda Nzega nikiwa na aibu, nikiwa na matumaini kwamba labda faili la zamani lilibaki mahali. Mama alifungua droo, akatoa madaftari manne ya kaunta yaliyoandikwa kwa mkono, miaka yote ikiwemo, mpaka wiki ile. "Wewe ulisema jedwali moja," akaniambia, "mimi sikusema nitachoma daftari." Tulichukua vichwa vya safu zake kama vilivyokuwa na kuviingiza katika kiwango cha kampuni, na yeye ndiye aliyekwenda Urambo na Kaliua kuwafundisha wenzake kuvijaza.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi, na kila mara hunikumbusha lugha ninayoiandikia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia kamusi na vitabu vya shule. Faida yake ni kubwa mno kuielezea: mimi Mnyamwezi naandika hapa, na mtu wa Lamu atanisoma. Lakini watu wa Mvita, yaani Mombasa, walikuwa na lahaja yenye mashairi ya karne nzima, na uteuzi ule uliisukuma pembeni mwa darasa. Sidhani kwamba uteuzi haukustahili kufanyika. Nadhani tu kwamba anayechagua anapaswa kuuliza ni daftari la nani linaloingia droo, na aache mlango ambao kwa huo linaweza kurudi. Kwenye ukurasa wetu sasa kuna mstari unaosema kwamba kila mwezi Juni matawi yataleta mambo wanayoyaandika nje ya mfumo. Yapo kila mwaka.

Ukurasa ule umeandikwa upya mara saba. Mara ya mwisho ni kwa sababu ya Windows 10, ambayo matunzo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwaka 2017 tulinunua kompyuta 20 za aina moja, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa kuwa orodha ipo, jibu nililipata kwa dakika moja: zote 20 hazifai. Nilimpelekea Mkurugenzi habari hiyo. Siku hizi anatembea na fimbo lakini chai yake ni ile ile. "Yaani zote zinakufa siku moja?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, Mzee. "Zingekuwa aina kumi na saba kama zamani?" Nikasema zingekufa moja moja, na kila moja tungeijua baada ya kuoza. Alikizungusha kikombe juu ya meza, hakusema kama amekubali. Akaidhinisha kumi kwanza, zipelekwe Sikonge na Kaliua.

Kisha akauliza kama chaja za mpakato za zamani zitaingia kwenye hizi mpya. Nilimweleza kwamba hizi mpya zinatumia tundu la USB-C, na za zamani hazitaingia hata moja. Alifikiri kidogo, akaniagiza niandike kwamba chaja zote za zamani zirudishwe Tabora pamoja na mashine zake kabla ya msimu kufunguliwa, na kwamba tawi la kwanza kuzirudisha liwe Kaliua.